Kioo Chenye Tundu

Kwa muda mrefu niliona kutoboa tangi la samaki ni kujitafutia balaa. Kioo kizima hakivuji, nilijiambia. Maji yashuke kwenye chujio la chini kwa mpira wa kunyonya uliopita juu ya ukingo, pampu iyarudishe. Mpango mzuri, ila sharti umeme usikatike, na hapa Dar es Salaam hukatika. Pampu ikizimika, maji hushuka hadi mdomo wa mpira unabaki nje, hewa inaingia, mnyonyo unakufa. Umeme ukirudi, pampu inapandisha maji kama kawaida, lakini njia ya kushukia haipo tena. Yanaishia kwenye zulia.

Tundu halina tabia hiyo. Maji yakifika usawa wake yanatoka. Yakishuka chini yake yanatulia. Nilipolielewa hilo, nikaanza kukiogopa kioo kizima.

Fundi vioo alikataa kazi. "Kaka, kikishagundishwa mimi sikitoboi. Kioo hakina msalie Mtume." Basi nikalitoboa mwenyewe, barazani.

Kwanza ni kukijua kioo chenyewe. Kilichokazwa kwa moto hakitobolewi. Kikiguswa na biti kinasambaratika chote kuwa punje, na sakafu za matangi mengi ya dukani ni za aina hiyo. Niliweka skrini nyeupe ya kompyuta nyuma ya tangi, nikavaa miwani ya jua ya polaroidi, nikainamisha kichwa huku na huku. Kioo kilichokazwa kingeonyesha mabaka meusi au rangi rangi. Ubavu wa nyuma ulikuwa safi.

Biti yenyewe ni ya mviringo, milimita 35, haina meno. Mdomo wake umepakwa chembe za almasi. Haikati, inasaga, kwa hiyo ubabe hauna kazi hapa. Kati ya tundu na ukingo wa kioo niliacha nafasi isiyopungua upana wa tundu. Tangi nikalilaza juu ya blanketi, nikabandika tepu upande wa ndani, nikazungushia alama udongo wa watoto wa kuchezea na kujaza maji humo. Drili ni ya betri, maana maji na waya wa umeme havipatani. Nilianza biti ikiwa imeinama hadi ikachimba kifereji, ndipo nikaisimamisha, mwendo wa taratibu. Maji yakawa mazito na meupe kama uji. Huo ni unga wa kioo: maji yanapoza biti, na pia yanauzuia usiruke hadi mapafuni. Mlio ulipobadilika, nikaacha uzito wa drili peke yake ufanye kazi, kwani hapo mwishoni ndipo kioo humeguka.

Konekta ya kupitisha bomba kwenye tundu ni ileile ya matangi ya maji ya nyumbani. Washa ya mpira nimeiweka upande wa ndani, nati nimeikaza kwa mkono, kisha robo mzunguko. Spana ingekipasua.

Humo sasa wanaishi samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaolala ndani ya makombe ya konokono. Bomba la kurudishia maji nalo nimelitoboa kijitundu chini kidogo ya uso wa maji, lisije likanyonya kinyumenyume pampu ikizimika. Na chujio la chini silijazi. Nimeliachia nafasi ya kupokea yale yatakayoshuka.