Mstari Mmoja Juu ya Mukendo

Kama mwenzi wako anafanya kazi mkoa mwingine, utanielewa haraka. Mimi niko benki Dar, mume wangu anafundisha fizikia Musoma. Mwaka wa pili huu tunaishi kwa simu na nauli. Septemba 2025 nilimfuata tena, na safari hiyo kwenye pochi nilikuwa na barua: nimepandishwa cheo, ila nibaki Dar miaka mitatu. Sikuwa nimemwambia.

Jumamosi tarehe 20 jioni tuliishuka Barabara ya Mukendo kwa miguu, tukala sato wa kukaanga kwa ugali wa muhogo, kisha tukapanda juu ya yale mawe makubwa ya ufukweni. (Mawe ya Musoma, jamani! Vaa raba, viatu vya mchuchumio acha nyumbani.) Mwezi haukuwepo kabisa. Usiku wa giza namna hiyo ndio wavuvi wa dagaa wanaoutaka, maana dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti kitu. Basi ziwani taa zilikuwa kibao, utadhani kuna mji mwingine kule.

Mwalimu wangu akatoa darubini yake ndogo, akaielekeza mashariki juu ya mji. "Haya, Zohali hiyo."

Nilitegemea pete pana kama za kwenye vitabu. Nikaona kitone kimechomwa sindano. Kumbe kila miaka kama 15 pete zile hutugeuzia ukingo, na ilikuwa imetokea Machi mwaka huohuo. Toka upande hadi upande ni kilomita 280,000 hivi, lakini unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu.

"Dunia ingekuwa na pete," akasema, "wenzetu wa London wangeona upinde mpana upande wa kusini. Sisi hapa, karibu kabisa na ikweta, tungeona mstari mwembamba tu unaopita utosini, mashariki hadi magharibi."

Nikamwambia tungepunjwa. Akacheka. Akasema Zohali huzunguka jua kwa miaka 29 na nusu, kwa hiyo msimu mmoja ni zaidi ya miaka saba, na upande wenye kipupwe huangukiwa na kivuli cha pete. Sisi tunalalamikia vuli ikichelewa wiki mbili!

Hapo ndipo nikatoa barua. Akaisoma kwa tochi ya simu, mara mbili.

"Miaka mitatu," akasema. "Hata nusu msimu wa Zohali haifiki."

Sikucheka. Naye hakucheka. Tulikaa mpaka mtumbwi wa kwanza ukazima taa.

Jumapili stendi, basi likiwa linanguruma, alinionyesha fomu ya kuomba uhamisho. Ameijaza yote, kasoro sahihi. Mpaka naandika haya hajasaini, na mimi barua ya benki sijaijibu.