Mabaka ya Uso na Dawa Zake

Wengi wetu akina mama tuishio hapa Uingereza tuliachiwa na mimba zetu, pamoja na neema ya watoto, mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Madaktari huyaita melazma. Chanzo chake ni homoni, mwanga wa jua na maumbile ya ukoo. Si uchafu, wala si kijicho cha mtu.

Nyumbani kwetu, mtu na dada zake, tumezilinganisha dawa za kupaka. Haidrokwinoni ya asilimia 4 ndiyo iliyotuonyesha nafuu upesi. Lakini ikitumiwa mfululizo kwa muda mrefu, yaweza kuigeuza ngozi kuwa ya buluu na nyeusi, na rangi hiyo ni shida kuondoka. Kwa sababu hiyo ilipigwa marufuku hapa katika krimu za urembo tangu mwaka 2001, na sasa huandikwa na daktari kwa miezi michache tu. Asidi ya azelaiki huwasha kidogo mwanzoni na hutaka subira ya miezi kadhaa, ila hata mjamzito huruhusiwa kuitumia. Tretinoini, kinyume chake, mjamzito haimfai.

Liwa ya mama zetu huburudisha na kunukia, nasi hatutaiacha. Ila baka halitibu. Limau ni la kuepukwa kabisa: likikutana na jua huunguza, na palipoungua huzidi weusi.

Linalotutia hofu ni vile vikopo visivyo na maelezo, tunavyoletewa zawadi katika masanduku ya wageni. Baadhi yake huwa na zebaki, iharibuyo figo, na ambayo humfikia mtoto kwa mkono na mto wa mama. Vingine huwa na steroidi kali, zinazoikondesha ngozi.

Dawa yoyote bila kinga ya jua ni kutwanga maji kwenye kinu. Mawingu ya hapa yasitudanganye, kwani miale hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Tupake kinga ya kipimo cha 30 au zaidi kila asubuhi, na iliyotiwa rangi ya oksidi ya chuma ni bora zaidi.

Tunatibu baka, hatubadili rangi tuliyoumbwa nayo. Kikopo kisichosema kilichomo, dada zetu, kisifike usoni.