Berlin: Wapenzi Wawili, Miche Sita

Ukifika Berlin usishangae kukaribishwa kahawa kisha ukaoneshwa bangi chumbani. Tangu Aprili 1, 2024, sheria ya Ujerumani inamruhusu kila mtu mzima kuotesha miche 3 nyumbani kwa matumizi yake, kuuza marufuku. Wenyeji wangu, wapenzi wanaoishi Neukölln, wanayo 6.

Wanapanda kama sisi na mihogo: wanakata tawi la mche mama, wanalichomeka kwenye udongo, na baada ya wiki mbili hivi limetoa mizizi. Mama anawashiwa taa masaa 18 kwa siku. Miche ya kuchanua inakaa pembeni, masaa 12 tu, wiki nane au zaidi. Ikivunwa hii, inaingia mingine. Likizo ya pamoja ndiyo basi tena. Lazima mmoja abaki amwagilie.

Nikawatania, "Na mkiachana je?"

Kimya. Kisha dada akasema, "Atakayebaki abaki na mitatu. Sheria inahesabu watu, haihesabu mapenzi."

Jamaa akainuka, akachukua kopo la maji.

Kwetu, Kenya na Tanzania, mche mmoja tu unakupeleka mahakamani. Ukienda, tazama, sikiliza, rudi mikono mitupu.