Kwa Magurudumu Matatu hadi Bagamoyo

Ndugu msomaji, ukipenda kuijua barabara iendayo Bagamoyo, usiipite kwa basi. Chukua bajaji. Basi litakufikisha upesi, lakini bajaji haina vioo vya kukutenga na nchi: harufu ya samaki wanaokaangwa kando ya njia, salamu za watoto na vumbi, vyote huingia.

Ila kabla hujapanda, inama uyatazame matairi.

Kijana aliyenichukua kutoka Bunju alikuwa ameitoa bajaji yake kwa wakala jana yake. Chombo kilikuwa bado ndani ya dhamana, na masharti yalimtaka akipeleke huko huko kila huduma inapofika, la sivyo dhamana ingekufa. Alikiacha alfajiri, akakipata magharibi. Siku nzima hakubeba abiria, na hesabu ya tajiri haina likizo. Hati aliyopewa ilieleza kwamba oili imebadilishwa, breki zimekazwa, matairi yamekaguliwa.

Tulipouvuka mto Mpiji nililitilia shaka neno hilo la mwisho. Kila kokoto lilitutupa juu kama pepeto la mchele, na usukani ulimtetemeka kijana mikononi. "Walinizuia kuingia ndani kutazama, mzee," akaniambia. "Mteja hungoja kwenye kiti."

Huko mbele, chini ya mwembe, alikuwapo fundi wa pancha. Tulimwomba apime upepo, akakataa. Tairi lililotoka mbioni, alisema, lina joto, na joto huutanua upepo, hivyo kipimo kingetudanganya. Tukakaa kivulini muda mrefu, tukala maembe. Hapo ndipo alipotoa kipimo chake kikuukuu. Matairi yote matatu yalikuwa na upepo sawasawa, na wote umezidi.

Yafaa ufahamu, msomaji, kwa nini usawa huo ni kosa. Gurudumu la mbele ni moja, na kazi yake kubwa ni kuongoza. Mawili ya nyuma yamebeba injini pamoja na abiria watatu na mizigo yao. Ndiyo maana kitabu cha chombo hutaja kipimo cha mbele mbali na cha nyuma. Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga lami kwa kitovu tu. Mpira huisha katikati ilhali kingo bado mpya, na siku ya mvua chombo huteleza upesi. Lililopungukiwa huisha kingoni, nalo huchemka. Fundi alikuwa na kipimo cha mkononi tu; wakala ana karakana nzima, na kitabu kile kimechapishwa kwa ajili yake!

Tulipoondoka bajaji ilitulia. Bagamoyo, iliyokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, tuliiingia alasiri, na kabla ya jua kutua tukafika magofu ya Kaole, kwenye makaburi ya kale ya matumbawe yanayoelekea mikoko. Mahali pale pana utulivu usioelezeka, nenda ujionee.

Kijana hakuyatazama sana makaburi. Aliniomba kalamu, akaikunjua hati ya wakala juu ya goti, na pembeni mwa neno "yamekaguliwa" akaandika vipimo vitatu alivyovisoma fundi, tarehe, na saa.