Sababu Hubaki Jaladani

Nilianzia masijala nikamalizia utawala, na kati ya vituo hivyo viwili nimeandika, nimehariri, nimepeleka kutiwa saini na nimebandika ubaoni nyaraka za chuo kikuu nisizoweza kuzihesabu. Chuo chenyewe sikitaji, maana ninayoyasema nimeyakuta pia katika nyaraka za vyuo vingine zilizopita mezani kwangu. Maisha ya kazi ya mtu wa aina yangu hayana vita wala safari, yana majalada. Ndiyo maana sina visa vya kusimulia. Nina hoja moja ambayo majalada hayo yamenifikisha kwayo, nayo ni hii: chuo kikuu, mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatwa alama asipotoa ushahidi wa anachodai, huwapa wafanyakazi wake maamuzi yasiyo na sababu. Wala si kwamba sababu hazipo. Zipo, zimeandikwa, tena kwa uangalifu mkubwa, ila hubaki ndani ya jalada.

Asiyewahi kufanya kazi ya ofisi anaweza kudhani natia chumvi, kwa hiyo nieleze jambo linavyokwenda. Uamuzi mdogo tu, tuseme kusogeza tarehe ya malipo ya nauli za likizo, huanza na dokezo sabili. Afisa utumishi anaandika kwa mkubwa wake: suala limeanzaje, kanuni inasema nini, fedha zilizopo kifunguni ni kiasi gani, wanaodai ni wangapi, njia zilizopo ni zipi na yeye anashauri ipi. Dokezo linapanda hadi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia utawala, njiani wengine wanaongeza aya zao, mhasibu anasahihisha tarakimu, na mwisho wa yote linapata neno moja la wino: Naridhia. Kurasa hizo ni uandishi mzuri wa hoja. Nimesoma madokezo ambayo yangempatia mwandishi wake daraja la juu katika somo lolote. Kisha jalada linarudi kwa afisa yule yule ili aandae waraka kwa wafanyakazi, naye anachukua nini katika kurasa zile? Anachukua mstari wa mwisho. “Mnafahamishwa kuwa malipo ya nauli za likizo yatafanyika baadaye. Kwa waraka huu mnaombwa kuzingatia.” Hoja iliyojengwa kwa siku kumi inakatwa kichwa na miguu, na kinachotoka nje ya mlango wa masijala ni amri tupu yenye kumbukumbu namba.

Tazama pia waraka huo unaandikiwa nani. Kushoto juu wameorodheshwa wakuu wa vitivo, wakurugenzi wa taasisi, wakuu wa idara na wakuu wa vitengo. Chini kabisa, chini ya neno Nakala, kuna Makamu Mkuu wa Chuo, kuna mkaguzi wa ndani, na mwisho kuna jalada. Dereva anayedai nauli hayumo. Mhudumu wa maabara hayumo. Hata mhadhiri hayumo. Wao hufikiwa “kupitia” wakuu wao, na neno hilo kupitia limebeba mzigo mzito kuliko uwezo wake. Mtu pekee ambaye ni hakika atapata waraka huo ukiwa mzima, siku hiyo hiyo, ni karani wa masijala atakayeupa namba ya folio. Ndiyo maana nasema, na najihesabu miongoni mwa wakosaji, kwamba tuliandikia jalada. Tulimwaza mkaguzi atakayekuja baada ya miaka mitatu kuliko msomaji aliyesimama mbele ya ubao asubuhi ile.

Umbo hili la nyaraka halikuzuka lenyewe. Elimu ya chuo kikuu nchini Tanzania ilianza mwaka 1961 ikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 chuo cha Dar es Salaam kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Julai 1970 kikasimama peke yake kama chuo cha taifa. Vyeo, seneti, mabaraza na namna ya kuandikiana vilirithiwa pamoja na majoho. Lugha nayo ilirithiwa. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967, lakini vyuo vilibaki na Kiingereza cha kufundishia, na Kiingereza cha darasani kikahamia kwenye ubao wa matangazo bila mtu kuuliza kwa nini. Mfanyakazi wa bustani hafundishwi wala hafundishi, ila kwa miaka mingi habari za stahiki zake zilimfikia kwa lugha ya mihadhara. Siku hizi Kiswahili kimeingia zaidi katika nyaraka, na nafurahi. Lakini ni Kiswahili kilichovaa suti ya kuazima, chenye “rejea mada tajwa hapo juu” na “husika na kichwa cha habari”. Hata vifupisho vyetu havikutuhurumia. Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao watumishi wengi waliujua kwa jina la OPRAS, ulipewa kifupisho cha MWAMTUKA, jina ambalo sikio la Mswahili hulisikia kama nusu ya tusi. Kutafsiri maneno ni jambo moja, kumweleza mtu ni jingine.

Ushahidi wangu mkubwa ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kwa sababu hapo hakuna mtumishi ambaye hakuguswa. Chuoni walikuwapo wanachama wa mfuko wa pensheni wa PPF na walikuwapo wa PSPF, wakikaa ofisi moja, hadi mifuko hiyo na mingine miwili ilipounganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF. Wa PSPF alizoea kulipwa nusu ya pensheni yake kwa mkupuo, wa PPF robo. Kanuni za mwaka 2018 zikataka wote wapewe robo. Kelele zikapanda, na Desemba ile Rais Magufuli akasimamisha kanuni hizo, kila mmoja akabaki na utaratibu wake wa zamani. Julai 2022 kikaja kikokotoo kipya cha asilimia 33 kwa wote. Matangazo niliyoyaona katika kazi yangu yalitoa asilimia na kanuni ya hesabu, yakaishia hapo. Sasa chukua karatasi uone kilichoachwa. Mtumishi mwenye mshahara wa shilingi milioni 2 kwa mwezi, sawa na milioni 24 kwa mwaka, aliyefanya kazi miezi 360. Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF, 360 inagawanywa kwa 540 na kuzidishwa na milioni 24: pensheni ya mwaka ni milioni 16. Nusu yake ikizidishwa na 15.5 inampa mkupuo wa milioni 124, na nusu iliyobaki inampa shilingi 666,667 kila mwezi. Kwa utaratibu ule wa 2022 kigawanyo ni 580 na kizidisho ni 12.5. Hata tukishikilia mshahara ule ule, mkupuo unashuka hadi kama milioni 61.4, na pensheni ya mwezi inapanda hadi kama 831,700. Jirani yake wa PPF, mwenye mshahara na miezi ile ile, anaona kinyume: mkupuo wake unapanda kutoka kama milioni 46.6, na ya mwezi inashuka kutoka kama 931,000.

Yaani tangazo moja, ubao mmoja, na wasomaji wawili ambao mmoja amepoteza nusu ya nyumba aliyopanga kujenga na mwingine ameongezewa bati. Ukimpa kila mmoja asilimia 33 bila maelezo, umewapa mgogoro. Na sababu ilikuwapo, tena inayoeleweka na yeyote aliyewahi kucheza upatu. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali hawakuwa wakichangia pensheni zao. PSPF ilipoanza ikabeba ahadi za miaka ambayo hakuna senti iliyowekwa, deni ambalo serikali ndiyo ilipaswa kulilipa. Mfuko unaolipa zaidi ya ulivyochangiwa hukauka. Mtu angeweza kuikubali sababu hiyo au kuikataa. Angeweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini deni la mwajiri liangukie mkupuo wake, na angeweza kupiga hesabu kwamba ile nyongeza ya mwezi, shilingi kama 165,000, ingehitaji zaidi ya miaka 31 kufidia kilichopungua kwenye mkupuo, wakati umri wa lazima wa kustaafu kwa wengi ni 60. Lakini angekuwa anabishana na jambo lenyewe. Badala yake, korido zilijaa habari kwamba fedha zimeliwa. Mwaka 2024 serikali ilipandisha kiwango hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 na 35 kwa wale wa 25, na hapo pia wengi walijua tarakimu kabla hawajajua kwa nini.

Wenzangu wa utawala wana majibu, na baadhi yake nimeyatoa mimi mwenyewe kikaoni. La kwanza ni kwamba waraka ni hati ya kisheria. Ukieleza sababu unampa mtu kamba ya kukufungia mahakamani. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe sababu ya haki na utaratibu wa haki anapomwachisha mtu kazi, yaani siku ya shauri jalada litafunguliwa tu, na lile dokezo sabili litasomwa kwa sauti. Sababu isiyoweza kusimama ubaoni haitasimama mbele ya mwamuzi. La pili ni kwamba wafanyakazi hawasomi. Hili nalikataa kabisa. Mfanyakazi yule yule anayesemwa hasomi huisoma hati ya mshahara hadi senti ya mwisho. Makato ya mkopo wa elimu ya juu yalipopandishwa hadi asilimia 15, hakuhitajika mtu wa kumwonyesha mstari. Anasoma kinachomgusa, na anaacha kusoma kinachoficha kwamba kinamgusa.

Jibu la tatu lina uzito zaidi. Ukianza kutoa sababu, wanasema, kila waraka utageuka mdahalo na kazi hazitaendelea. Nakubali kwamba chuo hakiwezi kupigia kura ratiba ya kuzima jenereta. Ila mahali pa mdahalo palikwisha kuwekwa zamani. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ndio ulioleta mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na sheria za baadaye zimeyaweka katika utumishi wa umma kwa jumla. Wajumbe huletewa bajeti na taarifa. Tatizo ni kwamba mjumbe anatoka barazani na makabrasha, anarudi idarani kwa watu walioona mstari mmoja ubaoni, na hakuna lugha inayowaunganisha. Mdahalo tunaouogopa unafanyika kila siku, chini ya mwembe na kwenye foleni ya chai, isipokuwa unafanyika bila taarifa. (Na yale mambo ya siri kweli, kama mashauri ya nidhamu ya mtu mmoja mmoja au maradhi yake, sijasema yatoke. Katika majalada niliyoyashika hayo yalikuwa machache kuliko mihuri ya SIRI iliyogongwa.)

Wapo wanaoniambia shida hii imekwisha, maana sasa waraka unapigwa picha na kuingia kwenye makundi ya WhatsApp kabla wino haujakauka. Kweli mwendo umebadilika. Zamani stensili ikichanika tulikuwa tunasubiri hadi kesho. Lakini waraka ni ule ule, na haraka imezidi kuuanika. Angalia kinachoufuata: ndani ya dakika chache anatokea mtu na ujumbe wa sauti, “jamani, ngoja niwaeleze hii maana yake nini”. Mara nyingi hakuwapo kwenye kikao wala hajaliona dokezo. Anasikilizwa kwa sababu ndiye pekee aliyejaribu kujaza shimo ambalo sisi tuliliacha wazi kwa makusudi.

Kinachoombwa hapa hakihitaji mfumo mpya wala fungu la bajeti. Rudi kwenye nauli za likizo, ambazo mtumishi hulipiwa kila baada ya miaka miwili. Afisa aliyeandika dokezo ana kila kitu mkononi, na angeweza kubandika hivi: “Nauli za likizo zilizopaswa kulipwa mwezi huu hazitalipwa mwezi huu. Fedha zilizopokelewa zinatosha nusu ya walioomba. Watakaotangulia ni walioahirishiwa mwaka jana, na majina yao yapo masijala, kila mtu aulize la kwake. Waliobaki watajulishwa fedha zikiingia, na ambaye safari yake haiwezi kungoja kwa msiba au ugonjwa amwone afisa utumishi.” Nimeupima kwa rula ya ofisi: kwa maandishi ya kawaida hauzidi mistari saba, na nusu ya chini ya karatasi inabaki nyeupe kwa saini, muhuri na orodha ya nakala.