Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema habari za majahazi, wala hawakupata kuona ndege ya jeti; lakini ni vigumu kupata neno liwafaalo zaidi mafundi wa vikosi vya kijeshi vinavyoonyesha michezo ya ndege angani. Siku ya maonyesho watu husimama kwa maelfu, nyuso zimeelekea juu, wakiwashangilia marubani. Marubani wastahili sifa hiyo, kwa maana kazi yao yataka moyo mkuu. Lakini ni wachache wakumbukao kuuliza ni nani waliozitengeneza ndege hizo alfajiri, kabla uwanja haujajaa watu.

Katika vikosi vya namna hiyo, kimoja kijulikanacho sana ni kile cha Jeshi la Anga la Uingereza kiitwacho Red Arrows, maana yake Mishale Myekundu. Kilianza maonyesho yake mwaka 1965 kwa ndege saba ndogo za aina ya Gnat. Tangu mwaka 1968 desturi yake imekuwa kuruka kwa ndege tisa, na tangu msimu wa 1980 kimetumia ndege za aina ya Hawk. Kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Scampton, katika jimbo la Lincolnshire, hata yakahamishiwa Waddington katika jimbo lilo hilo mwaka 2022.

Marubani wa kikosi hicho huvaa nguo nyekundu. Mafundi na wasaidizi wao huvaa nguo za buluu, nao kwa sababu hiyo huitwa Blues. Kwa marubani tisa wanaoonekana angani, wako watu zaidi ya 100 walio chini: mafundi wa injini, mafundi wa umeme na redio, watunzaji wa viti vya kuokolea marubani, wakunjaji wa miavuli, madereva, watunza bohari na makarani. Wakati wa baridi, maonyesho yakiisha, ndege hufunguliwa zikakaguliwa sehemu kwa sehemu. Wakati wa kiangazi kazi huwa ya kila siku, leo mji huu, kesho mji mwingine.

Katika watu hao limo kundi dogo la mafundi wapatao kumi liitwalo Circus. Kila mmoja wao hupewa rubani mmoja na ndege moja kwa msimu mzima. Kikosi kinaposafiri kwenda mahali pa maonyesho, fundi huyo hukaa kiti cha nyuma cha ndege aitunzayo. Ndege ikiisha kutua, abiria yule hugeuka kuwa fundi tena: hutia mafuta, hupima oili, hutazama magurudumu na mabawa, akaitengeneza iwe tayari kuruka upya. Naye ajua kwamba lolote atakaloacha bila kutengenezwa, yeye mwenyewe atalikalia safari ijayo.

Hata moshi ule upendwao na watoto ni kazi ya mikono yao. Dizeli hunyunyizwa katika hewa ya moto itokayo nyuma ya injini, ikawa moshi mweupe. Ikichanganywa na rangi, moshi huwa mwekundu au wa buluu. Kila ndege huchukua kiasi cha kutosha moshi mweupe kwa dakika tano, mwekundu dakika moja, na wa buluu dakika moja. Moshi huo si pambo tu. Humwonyesha kiongozi upepo unavuma kutoka wapi na kwa nguvu gani, tena huwasaidia marubani kuonana wanapokuwa mbalimbali.

Adabu ya kazi hiyo ni kali. Kila spana na kila bisibisi ina mahali pake, na kazi ikiisha vyote huhesabiwa. Kimoja kikikosekana, ndege hairuki mpaka ijulikane kiko wapi, maana kipande kidogo cha chuma kilichosahauliwa chaweza kuzuia usukani. Kisha liko daftari la ndege. Kila kazi iliyotendwa huandikwa humo, na aliyeitenda hutia sahihi yake. Rubani naye hulisoma, akatia sahihi kabla ya kuipokea ndege. Karani ajuaye uzito wa sahihi katika hati ya fedha ataelewa jambo hili upesi, ila hapa hesabu ni ya uhai wa mtu.

Tarehe 8 Novemba, 1911 na mia yake, yaani mwaka 2011, hesabu hiyo ilionekana wazi. Rubani Sean Cunningham alikuwa ndani ya ndege yake, ingali chini huko Scampton, kiti chake kilipofyatuka kikamrusha juu, na mwavuli wake usifunguke. Uchunguzi ulionyesha kwamba bolti moja ilikuwa imekazwa kupita kiasi, hata ikauzuia mwavuli kutoka. Onyo juu ya hatari ya kukaza namna hiyo halikuwa limewafikia mafundi. Mwaka 2018 kampuni iliyotengeneza kiti hicho ilikiri kosa mahakamani.

Mwaka huo huo wa 2018, tarehe 20 Machi, ndege moja ya kikosi ilianguka katika uwanja wa Valley, kisiwani Anglesey. Rubani aliokoka kwa kiti chake. Aliyekuwa nyuma yake, Koplo Jonathan Bayliss, fundi wa Circus, alikufa. Basi asiseme mtu kwamba hatari ni ya wavaao nyekundu peke yao.

Katika misiba hiyo miwili liko fundisho kwa kila mwenye kusimamia kazi za wengine. Fundi mwema hahitaji makofi ya watu ili afanye kazi yake vizuri. Lakini ahitaji kuambiwa kweli yote kwa wakati wake, apewe vifaa vilivyo kamili, wala asiharakishwe. Kumsifu mtu huku amefichwa onyo ni kumpa heshima nusu. Mkulima alijua hili zamani: apewaye jembe bovu na mbegu isiyojulikana hawezi kulaumiwa peke yake wakati wa mavuno.

Maonyesho huchukua kama dakika 20, kisha watu huanza safari ya kurudi makwao. Atakayekawia kidogo penye uwanja atawaona wenye nguo za buluu wakizikimbilia ndege zilizotua, wanazifungua na kuzikagua, na kuandika katika daftari yale waliyoyaona. Hao nao wastahili kushangiliwa.