Pini Moja Chini ya Kitanda

Wiki hii sina mapishi wala mishono mipya. Nina habari ya maji ya moto yaliyovuja mahali ambapo hata kuyapata ni kazi, na ya maneno niliyomwambia mtoto wa watu ambayo hadi leo yananiuma.

Wengi mnajua mimi ni mshonaji. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushoni, na sasa nina karakana yangu ndogo hapa Unguja. Nashona mapazia, mashuka na makava ya viti vya hoteli. Mwaka jana mteja wangu mmoja wa Arusha alinunua karavani iliyotumika, yaani tela lenye vitanda, jiko na bafu, linalovutwa na gari. Alitaka kuiweka Engaresero, wilayani Ngorongoro, kwa ajili ya wageni wanaopanda mlima Ol Doinyo Lengai. Nikaenda Arusha nikashona kila kitambaa kilichomo ndani yake. Tulikubaliana anipe nusu ya fedha mkononi, na nusu nyingine wageni wa kwanza wakishalala. Nusu hiyo ilikuwa shilingi 1,400,000, na nilishaipangia ada ya mtoto na kodi ya karakana. Kwa hiyo karavani ilipoondoka Arusha, na mimi nikapanda gari.

Kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mawe na makorongo. Tela lilirukaruka nyuma yetu njia nzima. Tulifika alasiri, jua kali, mlima umesimama mbele yetu karibu mita 3,000, na upande wa pili Ziwa Natron linang'aa. Ziwa lile ni la magadi, heroe wanalipenda lakini mtu hawezi kuyanywa maji yake. Maji ya matumizi hutoka kwenye mto unaoteremka genge la Bonde la Ufa, na sisi tuliletewa kwa punda na kina mama wawili wa Kimaasai, madumu ya lita 20. Kijana wa miaka kama kumi na tisa, aliyeajiriwa kuitunza karavani, akajaza tangi, akawasha hita ya gesi, nami nikaoga maji ya moto nikalala vizuri.

Alfajiri nilipoteremsha miguu niende kutawadha, nikakanyaga maji. Zulia limelowa, na godoro nililolivisha kava jipya limenyonya maji upande mzima. Nikatoka nje na tochi. Chini ya kijimlango cha hita maji yanadondoka, do, do, do.

Wageni walikuwa wanafika jioni ileile. Wangepumzika kidogo, waanze kupanda mlima usiku wa manane, na asubuhi wakishuka na vumbi lao wakute maji ya moto. Mimi nikaona milioni yangu na laki nne inadondoka pale. Kijana akaja, "Shikamoo dada." Sikuitika. Nilimwambia mbele ya dereva na wale mama wa punda kwamba ameacha koki wazi, kwamba hajui kazi, na kwamba leo nitampigia bosi wake simu arudishwe kwao. Akasema, "Dada, koki sikuigusa." Nikamwambia anyamaze.

Kisha nikampigia ami yangu, fundi bomba wa siku nyingi kwenye mahoteli ya hapa kisiwani. Akaniuliza, "Mwanangu, umezima gesi?" Sikuwa nimezima. "Basi zima kwanza, hita ipoe, halafu ndiyo utafute wa kumgombeza."

Alinieleza kwamba maji yakipashwa moto hutanuka. Tangi la karavani nyingi huchukua kama lita 22, na ukiyatoa kwenye nyuzi 20 hadi 60 yanaongezeka karibu theluthi ya lita. Juu ya maji hubakizwa hewa kidogo ili yapate pa kutanukia. Hewa hiyo ikiisha, ile valvu ya usalama iliyo nje hudondosha maji ili tangi lisipasuke. Kwa hiyo valvu haikuwa mbovu, ilikuwa inafanya kazi yake. Hita ilipopoa tukazima pampu, tukafungua bomba la maji ya moto la jikoni, tukainua kijiti cha valvu maji yatoke mpaka yaache yenyewe. Tukafunga vyote, tukawasha pampu na gesi upya. Kule nje kukakauka.

Lakini ndani zulia likaendelea kulowa.

"Basi mna uvujaji wa pili," ami akasema. "Zima tena gesi. Funga mabomba yote, acha pampu imewashwa, usikilize." Pampu ya karavani hunyamaza presha ikijaa. Yetu ilikuwa inanyamaza, kisha baada ya dakika moja inanguruma tena. Maji yalikuwa yanakwenda mahali. Tukakausha viungio vyote nyuma ya hita kwa kitambaa, tukatandika karatasi ya chooni chini ya kila kimoja. Karatasi zote zikabaki kavu. Kisha ami akatuambia tufunge koki ya maji ya moto yanayotoka kwenye tangi. Tulipoifunga, pampu ikanyamaza moja kwa moja. Hapo tukajua tangi ni zima na viungio ni vizima, tatizo ni bomba la maji ya moto huko mbele linakopita.

Kijana akatoka nje kukunja bomba la kujazia. Mimi nikalala kifudifudi nikalifuata bomba kwa mkono, kutoka kwenye hita, nyuma ya ubao wa kitanda. Kidole changu kikagusa kitu chenye ncha.

Ilikuwa pini ya stepla. Yangu. Kule Arusha nilipigilia pazia la chini ya kitanda kwenye ubao wa milimita 5, kwa pini za milimita 14, bila kuuliza nyuma yake kuna nini. Pini ilitoboa bomba la plastiki na kuliziba papo hapo, na Arusha tulijaribu maji ya baridi peke yake. Mtikisiko wa njiani ukailegeza, maji ya moto yakalilainisha bomba, likaanza kutoa maji.

Nitawaambia ukweli wapenzi wangu. Nilikuwa peke yangu. Pini ile ningeweza kuing'oa nikaitia mfukoni, nikasema bomba limepasuka kwa ubovu wa barabara, na kila mtu angeamini. Niliishika mkononi nikaifikiria ada ya mtoto. Kisha nikakumbuka tulichofundishwa chuoni tangu wadogo: haki ya Mola unamuomba Mola, lakini haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe akusamehe. Na mja wangu alikuwa nje pale anakunja bomba.

Nikatoka na pini mkononi. Dereva alikuwepo, na wale mama walikuwa wamerudi na madumu mengine, kwa sababu ya maji niliyoyamwaga mimi. Nikasema mbele yao, "Mdogo wangu, nimekukosea. Kosa ni langu, hili hapa." Akaitazama pini, akacheka kidogo. "Basi dada, tutafute kiungio kabla wageni hawajafika."

Yeye ndiye aliyekimbia kambi ya jirani akarudi na kiungio na klipu mbili. Tukamwaga maji ya bomba lile, akakata kipande kilichotobolewa, akaunga. Tukasikiliza pampu kwa nusu saa nzima. Kimya. Godoro tukalianika juani, na kwa joto la Engaresero hadi alasiri lilikuwa limekauka.

Kisha nikampigia mteja wangu nikamweleza yote. Alikata 180,000 za zulia na kava lililochafuka. Ziliniuma, lakini zilikuwa halali yake. Miezi mitatu baadaye alinipa kazi nyingine.

Siku hizi kabla sijapigilia popote nauliza bomba na waya vimepita wapi, namulika nyuma ya ubao, na penye shaka natumia mkanda wa kunata badala ya pini. Na nikiona maji yanadondoka, nazima gesi kabla sijafungua mdomo. Allah atujaalie subira ya kutafuta chanzo kabla ya kutafuta mkosaji. Amin.